Karate kwa Vijana wa Madrasa: Tujifunze, Lakini Tusidanganyane

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. 

Liko suala ambalo limekuwa likizungumzwa chini kwa chini katika familia zetu za Mbeya na Iringa, nalo ni la vijana kujifunza karate, taekwondo, kung-fu na mateke ya kila namna. Baada ya Swala ya Alasiri utawakuta kwenye viwanja vya shule na nyuma ya nyumba, wamevua viatu, wanarusha miguu juu. Mzazi mmoja anasema mambo hayo ni ya kihuni na mwisho wake ni kituo cha polisi. Mwingine anasema afadhali mtoto ajue kujitetea, maana dunia imeharibika. Wa tatu anauliza kama dini inaruhusu.

Nionavyo mimi, wote watatu wana hoja, lakini wote wameliacha swali kubwa zaidi: je, wanachofundishwa vijana wetu ni cha kweli? Kijana asiyejua kupigana na anajua kuwa hajui, akiona hatari atakimbia, na atasalimika. Lakini yule anayeamini kuwa anajua, kumbe anajua kurusha mguu tu, atasimama. Huyo ndiye ninayemhofia.

Dini yetu haikatazi nguvu

Tuanze na swali la mzazi wa tatu. Hapana shaka Uislamu unapenda muumini awe na nguvu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Bukhari na Muslim wamepokea pia habari ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akamwachia bibi Aisha (r.a.) awatazame mpaka alipotosheka mwenyewe.

Katika sira tunasoma habari za vijana wawili wakati wa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Rafi' bin Khadij alikubaliwa kutoka na jeshi kwa kuwa alikuwa hodari wa kupiga mishale. Mwenzake, Samura bin Jundub, akarudishwa kwa umri mdogo. Samura akalalamika kuwa yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Basi wakapambanishwa pale pale, Samura akamwangusha, naye akakubaliwa. Tuzingatie jambo hili, ndugu zangu. Maneno ya Samura peke yake hayakutosha; uwezo wake ulipimwa kwa mtu wa kweli anayepinga. Na wakati huo huo Abdullah bin Umar (r.a.), aliyekuwa na miaka 14, alirudishwa siku ya Uhud, akakubaliwa katika vita vya Khandaq alipofika miaka 15. Kwa hiyo umri nao una hesabu yake.

Ama kuhusu kuinamiana, ambako ni desturi ya karate, ni kweli kwamba wanachuoni wengi hawakupendezwa nako. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake anapokutana naye, akakataa, akaulizwa kuhusu kupeana mikono, akakubali. Basi jambo hili dawa yake ni nyepesi. Vijana wetu wapeane salamu na mikono kabla na baada ya zoezi. Mwalimu mwenye busara hatakataa.

Teke la video na teke la barabarani

Karate si ngeni katika nchi hii. Tangu miaka ya 1970 Mmarekani Mweusi aliyeitwa Nantambu Camara Bomani alifundisha jijini Dar es Salaam mtindo wa Goju-Ryu, wenye asili ya kisiwa cha Okinawa huko Japani, na kutoka kwake walitoka walimu wengine. Mtindo huo wa asili unajulikana kwa mateke yake ya chini: ya tumboni, pajani na gotini. Lakini vijana wengi hawakuyaona mateke kwanza kwa mwalimu. Waliyaona katika vibanda vya video, kwa Bruce Lee na Jackie Chan, mkalimani akipiga kelele juu ya sauti ya filamu. Siku hizi wanayaona kwenye simu. Huko mtu mmoja anaruka, anawapiga watatu usoni kabla hajatua, na nguo haijachafuka.

Filamu ni kazi ya kupanga. Anayepigwa anajua teke linakuja lini na linatoka upande gani, na likikosewa linarudiwa. Bruce Lee mwenyewe, aliyefariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32, katika mafunzo yake ya kupigana kweli alitilia mkazo teke la chini, la ugoko na goti. Yale ya juu aliyapiga zaidi kwa ajili ya watazamaji.

Kwa nini teke la juu ni hatari kwa anayelipiga? Sababu si ngumu kuelewa. Unapoinua mguu mmoja, mwili wote unabaki juu ya mguu mmoja. Kadiri mguu unavyopanda, ndivyo unavyochelewa kufika na ndivyo unavyochelewa kurudi. Adui akiudaka, umekwisha. Akikusukuma, umeanguka. Sasa ongeza hali ya kwetu. Mbeya masika yakikolea, udongo unateleza kama sabuni. Iringa mitaa mingi iko kwenye mteremko wenye changarawe. Kijana amevaa kanzu au suruali ya shule yenye kubana, na viatu vya kandambili. Juu ya hayo, Juni na Julai baridi ya asubuhi hushuka chini ya nyuzi 10, na misuli isiyopashwa moto hukatika kama kamba kavu. Nani atapiga teke la kichwani hapo?

Teke lenye manufaa halina mbwembwe. Goti hupanda kwanza, kisha ugoko ndipo ufuate. Nguvu hutoka kwenye nyonga. Teke la mbele hupigwa kwa ile sehemu ngumu ya unyayo iliyo chini ya vidole, kwani anayepiga kwa vidole huvunja vidole vyake. Lengo huwa chini ya kiuno. Na mguu hurudi upesi kuliko ulivyokwenda, ili mtu awe tena juu ya miguu miwili na aweze kuondoka. Kijana akilijua teke moja kama hilo kwa miezi sita, amejifunza zaidi kuliko aliyejifunza mateke kumi ya kuruka kwa wiki mbili.

Wako wanaodhani teke la chini ni la watu wasiojua. Hao wakumbuke pambano la ndugu yetu Muhammad Ali, bingwa wa ngumi wa dunia, na mwanamieleka wa Kijapani Antonio Inoki, lililofanyika Tokyo tarehe 26 Juni 1976. Inoki hakutaka kusimama mbele ya ngumi za Ali. Alilala chini na kumpiga mateke ya miguuni, raundi baada ya raundi, mpaka raundi 15 zikaisha na pambano likatangazwa sare. Watazamaji walichukia kwa kuwa halikuwa na uzuri wowote. Lakini Ali, ambaye miaka miwili nyuma alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, alitoka Tokyo miguu imevimba na akahitaji matibabu ya hospitali. Lisilopendeza macho ndilo lililoumiza.

Bunduki juu ya punda

Watu wa Iringa wana somo lao wenyewe juu ya tofauti ya kuwa na silaha na kuweza kuitumia. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, si mbali na barabara kuu iendayo Morogoro, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilipita likiwa kwenye safu ndefu. Lilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Lakini mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda, na askari walikuwa katika mwendo wa safari. Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamelala kimya kwenye majani na mawe, wakisubiri. Walipoinuka na mikuki yao walikuwa wameshafika karibu mno. Punda wakatimka. Kwa muda mfupi, kiasi cha robo saa, Zelewski alikuwa ameuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake.

Jeshi lile halikukosa silaha wala mafunzo ya gwaride. Lilikosa nafasi na wakati. Ndugu mwanafunzi, teke ulilolifanyia mazoezi mbele ya kioo, hewani, bila mtu wa kulipinga, ni mzinga uliofungwa juu ya punda. Ni wako kweli, lakini siku ya haja hutaufungua.

Kinachoufungua ni mazoezi na mwenzako anayepinga kwa kadiri. Hapo ndipo unapojua umbali: kwamba ukiwa karibu sana teke halifanyi kazi, na ukiwa mbali sana linapiga upepo. Hapo ndipo unapojua kuwa mtu halisi hasimami, anarudi nyuma, anakusukuma, anashika nguo. Na hapo ndipo unapoonja hofu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, pumzi inakata, macho yanaona mbele tu wala hayaoni pembeni. Kijana aliyeionja hali hiyo mbele ya mwalimu hatashangaa akikutana nayo njiani.

Lakini nisieleweke vibaya. Kutafuta uzoefu hakuna maana ya kutafuta ugomvi stendi au uwanja wa mpira. Mtume (S.A.W.) ametukataza kutamani kukutana na adui, akatuamrisha kumuomba Allah usalama, na tukikutana naye tuwe na subira. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Uzoefu tunaoutaka ni wa uwanjani, penye mwalimu, kanuni na udugu.

Nondo haisubiri teke

Wakazi wa Mbeya hawajasahau miaka ya 2000, pale mji ulipokumbwa na wapiga nondo. Hao walikuwa wahalifu wanaomvizia mtu usiku na kumpiga kichwani kwa kipande cha nondo, kisha wakamwibia. Wako waliopoteza maisha na wako waliobaki na ulemavu.

Sasa nawauliza vijana wenye mikanda ya rangi: teke gani linazuia nondo inayotoka nyuma yako gizani? Halipo. Kilichowasaidia watu wakati ule ni kurudi nyumbani mapema, kutembea wawili watatu, kupita njia yenye taa, na kugeuka waliposikia nyayo. Mafunzo ya kweli ya kujilinda yangeanza na hayo kabla ya teke la kwanza. Mwalimu asiyefundisha kutazama, kusikia na kuondoka, huyo anafundisha mchezo. Mchezo si vibaya, lakini asiuite kujilinda.

Na mbele ya mtu mwenye kisu anayetaka simu, mpe simu. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amempa daraja ya shahidi mwenye kuuawa akitetea mali yake. Lakini wanachuoni wengi wameeleza kuwa kutetea mali ni ruhusa, wala mtu halazimiki kuifia. Simu hununuliwa. Mama yako hawezi kukununua.

Teke baya kuliko yote

Nifikie sasa jambo linaloniuma zaidi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tukisema ukweli, teke linalopigwa sana katika mitaa yetu si la karate wala la taekwondo. Ni teke la mtu aliyekwisha kuanguka. Mtu anapigiwa kelele za mwizi, hata haijulikani nani aliyeanza kelele, na watu wanakimbilia. Akianguka, kila mmoja anampiga lake. Kesho yake gazeti linaandika kuwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyovaa viatu.

Katika kundi hilo kijana mwenye mafunzo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mguu wake umefundishwa nguvu. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 190, ametuamrisha kuwa hata tunapopigana na wanaotupiga tusivuke mipaka, kwani Yeye hawapendi wavukao mipaka. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui aliyesimama na upanga, itakuwaje kwa mtu aliyelala chini, aliyefumba macho, ambaye hata hujui kama ameiba? Na katika Suratul Maida, aya ya 32, tunafundishwa kuwa anayeua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyeua watu wote, na anayeiokoa ni kama aliyewaokoa wote. Kijana wa madrasa aliyefika mahali hapo na akasimama juu ya yule mtu kumkinga, akaita wazee na polisi, huyo ndiye niliyetaka afundishwe karate. Kama mafunzo hayamwezeshi kufanya hivyo, afadhali akae nyumbani.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18A, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Lakini kifungu cha 18B kinataka nguvu inayotumika iwe ya kadiri na ya lazima kwa kujilinda huko. Ikizidi, mtu anawajibika kwa kosa litakalotokana nayo. Kwa maneno mepesi, teke linalomsimamisha anayekushambulia ni haki yako. Teke la pili, baada ya yeye kuanguka, ni kesi.

Tufanye nini?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuwapige marufuku vijana wetu. Ukimkataza uwanjani atajifunza kwenye simu, na huko hakuna mwalimu wa kumwambia basi. Mapendekezo yangu ni haya:

Kwanza, mzazi aende mwenyewe akamtazame mwalimu kabla ya kutoa ada. Atazame kama wanafunzi wanapasha moto miili angalau dakika 10 hadi 15, hasa msimu wa baridi. Atazame kama mkubwa anamwonea mdogo, na kama mwalimu anacheka au anakemea.

Pili, kichwa kisipigwe. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuuepuka uso hata katika kupigana. Elimu ya tiba inatuonyesha hekima yake: ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na kuzimia si usingizi, ni jeraha. Mtoto aliyepigwa kichwani, akaona kizunguzungu au akatapika, apelekwe kwa daktari, na asirudi mazoezini mpaka aruhusiwe. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona linaweza kuua.

Tatu, mazoezi yawe na kupimana kwa kadiri. Watoto wadogo wacheze, waruke, wajifunze kuanguka bila kuumia. Wakubwa ndio wapambane, kwa vikinga na mbele ya mwalimu.

Nne, mabinti zetu wasisahauliwe. Wao wanahitaji kujilinda pengine kuliko kaka zao. Wapatiwe mwalimu wa kike na mahali pa stara.

Tano, zoezi liishe mapema kabla ya Magharibi, ili vijana wanawe, watawadhe na wasimame katika safu. Mafunzo yanayompotezea kijana swala yamemdhoofisha, hata akipasua matofali.

Sita, mwanafunzi atakayempiga mwenzake shuleni au madrasa kwa kujionyesha, asimamishwe mazoezi mpaka amwombe radhi na wazazi wa pande zote wakutane. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara ya mwenye mafunzo ni kubwa zaidi.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametupa kipimo kimoja ambacho hakina mkanda wala cheti. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufahamisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu katika mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Wengine huifanya hadithi hii kuwa hoja ya kukataa mazoezi. Mimi naiona kuwa ndiyo mtaala wake. Kijana anayeweza kupiga na akajizuia, huyo amejizuia kweli. Na asiyeweza kupiga wala kujizuia, huyo bado hajafundishwa lolote.

Namuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape vijana wetu miili yenye afya, nyoyo zenye subira, na miguu inayowapeleka katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.